YouVersion kwa Kiswahili: inamfaa Mkristo aliyechoka au aliyebanwa na maisha?

Programu ya Biblia ya YouVersion ilitolewa mwaka 2008 na kanisa la Life.Church la Oklahoma, Marekani. Ni ya bure na haina matangazo. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu: mtu ambaye siku zake zimekuwa zile zile, au amehamishwa kituo cha kazi, au mambo yamembana, je, itamsaidia asikate tamaa? Itamsaidia, lakini si kwa kile kinachojitokeza kwanza ukiifungua.

Kinachojitokeza ni Aya ya Siku, imewekewa picha nzuri, tayari kurushwa kwenye status ya WhatsApp. Chukua Yeremia 29:11, inayopendwa kuliko nyingi: “mawazo ya amani wala si ya mabaya”. Ikisimama peke yake inasomeka kama ahadi ya wiki ijayo. Bonyeza ufungue sura nzima. Aya ya 5 inawaambia watu walio uhamishoni Babeli wajenge nyumba na kupanda bustani, na aya ya 10 inataja miaka 70. Rudi nyuma sura moja: nabii Hanania alikuwa amewaahidi miaka 2 tu, na huyo ndiye aliyedanganya. (Wenye kutangaza “mwaka wa kupenya” kila Januari wangeisoma sura ya 28 polepole.) Aliyebanwa akishika aya moja bila sura yake, mwezi wa tatu ukipita bila mabadiliko ataona Mungu kamtupa. Kwa hiyo ichukulie Aya ya Siku kama mlango, uingie ndani usome.

Ukishaiweka kwenye simu, anza na toleo. Katika sehemu ya Biblia, gusa kifupi cha toleo kilichoandikwa juu, chagua Kiswahili, kisha toleo lako: SUV ni ile Union Version iliyozoeleka makanisani, BHN ni Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi zaidi. Matoleo yaliyoruhusiwa kupakuliwa yana alama yake. Pakua ukiwa na bando au Wi-Fi, ili hata salio likiisha uendelee kusoma. Utaombwa kufungua akaunti. Sauti, kwa kawaida, itahitaji intaneti.

Ukumbusho wa kila siku ndio unaowasumbua wengi, hasa kwenye simu za Android za bei nafuu. Umeweka saa 12 asubuhi, arifa haiji. Mara nyingi ni simu yenyewe inayozima programu ili kuokoa betri. Ingia kwenye mipangilio ya betri, uitoe programu hii kwenye udhibiti huo.

Mipango ya kusoma ni mingi, ya siku chache hadi mwaka mzima, ila ubora wake haulingani. Mingine ya Kiswahili inasomeka wazi kuwa imetafsiriwa, na mifano yake haimgusi mtu wa Singida wala Kakamega. Kabla ya kuanza, fungua siku ya kwanza: ikiwa maelezo ni marefu na Maandiko ni aya mbili tu, iache. Aliyechoshwa na siku zisizobadilika apewe Hesabu 11, ambapo Waisraeli wamechoka na mana, kisha Mhubiri. Aliyehama asome Ruthu, sura 4 tu, siku 4. Kama waliobaki nyuma ni watu wake wa karibu, wasome pamoja kwa mpango wa marafiki, kila mmoja kwa saa yake. Watatu wanatosha, wakifika kumi inakuwa kelele.

Kwa aliye katika dhiki, sehemu bora ya programu hii ni ile ya kuandika maelezo chini ya aya, na wachache wanaitumia. Fungua Zaburi 13, ina aya 6. Aya 1 na 2 ni malalamiko, “hata lini”. Aya 3 na 4 ni ombi. Aya 5 na 6 ni tumaini. Gusa aya ya kwanza, chagua kuandika, uandike sentensi moja ya lalamiko lako kwa jina lake halisi: kodi ya nyumba, homa ya mtoto, kazi iliyokatika. Fanya hivyo kwenye ombi, kisha kwenye tumaini. Kama la tatu halitoki, usilazimishe. Nenda Zaburi 88, inayoishia gizani na bado ni sala. Kosa la kawaida ni kuruka lalamiko na kukimbilia shukrani, halafu mtu anashangaa mbona moyo haujapoa.

Hesabu ya siku mfululizo ulizofungua programu ipuuze. Kwa mwenye nguvu ni kichocheo. Kwa aliyelemewa, kuiona imerudi mwanzo ni lawama nyingine juu ya zile alizonazo. Ukipitwa na siku kwenye mpango, sogeza tarehe mbele. Usijilazimishe kusoma siku tano kwa kikao kimoja, maana hapo utakuwa unamaliza deni.

Usiku tumia Biblia ya karatasi. Simu ikiwa mkononi saa 4, WhatsApp iko karibu mno.