Kujiandaa na GMAT huku nimeajiriwa Pemba: uzoefu wangu na vifaa vya bure

Mimi ni mhasibu Chake Chake, nyumbani Wete, na kazini naingia asubuhi natoka jioni. Kwa mtu mwenye ratiba kama yangu, vifaa rasmi vya bure vya GMAT (mtihani wa kuombea nafasi ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya biashara) kwenye tovuti ya mba.com ndivyo vya kuanzia kabla hujatoa hata shilingi kumlipa mtu. Ukijisajili unapewa mitihani miwili kamili ya majaribio. Ukijibu vizuri maswali yanapanda ugumu, ukiteleza yanashuka, saa inakwenda, na mwisho unapata alama kati ya 205 na 805, sawasawa na mtihani wenyewe.

Toleo jipya lililoanza mwishoni mwa 2023 limetupunguzia mzigo sisi tulioacha skuli zamani. Jiometri haimo tena, insha haimo. Zimebaki sehemu tatu: hesabu, lugha na uchambuzi wa data, kila moja dakika 45. Dakika hizo zinapatikana baina ya sala ya alfajiri na kutoka kwenda kupanda daladala, nami ndivyo nilivyosoma: maswali asubuhi, kupitia niliyokosa usiku.

Sehemu ya data ndiyo iliyonitoa jasho, kwa sababu baadhi ya maswali yake hayataki jibu. Chukua mfano huu: Juma amepata shilingi ngapi kwa karafuu zake? Taarifa ya kwanza, ameuza kilo 30. Taarifa ya pili, kila kilo ni shilingi 14,000. Mhasibu atakimbilia kuzidisha. Mtihani unauliza kama taarifa zinatosha tu: moja peke yake haitoshi, zote mbili pamoja zinatosha, basi, endelea na swali jingine. Kuiacha ile tabia ya kutafuta jumla kulinichukua muda mrefu kuliko hesabu yoyote.

Upungufu upo. Mitihani ya bure ni miwili tu, kwa hiyo usiifungue kwa pupa. Mmoja ufanye mwanzo kujipima, wa pili uuweke karibu na siku yenyewe. Niliwahi pia kulipia programu moja ya mtandaoni. Video zake zilikula bando, na masomo kadhaa yalikuwa bado ya jiometri. Nilisikitika sana, maana pesa ile ilikuwa ya mshahara.

Mtihani niliufanyia nyumbani, nikajiepushia boti na malazi ya Dar es Salaam. Ada yake ni karibu dola 300. Msimamizi anakuangalia kwa kamera, chumba kiwe kitupu, karatasi hairuhusiwi na mtu haruhusiwi kuingia. Watoto walishinda kwa bibi yao. Umeme ndio uliokuwa hofu yangu, hivyo laptopu niliijaza chaji mapema.

Kwenye ufadhili, tazama kalenda kabla ya kitabu. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, kwa kawaida hufungua maombi Agosti, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, yaani saa 2,800, na ukimaliza masomo Uingereza urudi nyumbani kwa miaka miwili. GMAT yenyewe haiulizi. Lakini kwa MBA imeweka kikomo cha ada, pauni 22,000, na vyuo vingi vikubwa vinatoza zaidi ya hapo. Pengo hilo unaliziba kwa ufadhili wa chuo chenyewe, na hapo ndipo alama nzuri zinapokusemea.

Agosti kwetu mara nyingi karafuu ziko juani, na ofisini hakuna anayepumua. Ukiwa na mkuu wa kazi wa kukuandikia barua ya mapendekezo, mwambie miezi kabla. Mtihani nao uufanye katika kipindi chenye nafasi, hata kama ni mwaka mmoja kabla ya kuomba, kwani alama za GMAT zinatumika kwa miaka 5.