Kindle ama kitabu cha karatasi?

Mimi niko na zote mbili so siongei tu. Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu vya kielektroniki, ilitoka 2007, na ukweli ni kwamba skrini yake haichoshi macho kama simu, ile wino ya kielektroniki inakula umeme kidogo tu ukifungua ukurasa, ndo maana chaji inakaa wiki kadhaa hata stima ikipotea mtaani. Kwa matatu ya Thika Road, umesimama, mkono mmoja umeshika chuma, kitabu cha kurasa 600 kitakushinda.

Lakini sasa bei. Hiyo pesa ukienda nayo kwa wale wa mtumba pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, wametandaza vitabu chini, ukiinama vizuri na ukijua kubageini, unajaza mkoba. Juzi nilipata kimoja soo mbili (shilingi mia mbili), ndani kuna risiti ya chai imebaki ukurasa wa 84, nikajua mwenyewe alichokea hapo hapo. Nikimaliza nampa dadangu, naye anampa jirani. Cha Kindle unalipia ruhusa ya kusoma tu, 2009 Amazon ilifuta vitabu kwenye vifaa vya watu walionunua, sawa walirudishiwa pesa, lakini nani ashaona muuzaji wa mtumba akikufuata nyumbani kuchukua kitabu?

Mvua je? Karatasi inaharibika, Kindle inategemea aina, zingine zinastahimili maji, tuache hiyo.

Watoto wa shule wapewe karatasi, kikianguka unaokota tu. Kindle nitabaki nayo ya matatu.