Hodhi la Kobe Kavu, Nami Naambiwa "Kobe Hanywi Maji"

Nyota moja, tena hiyo ni ya miarobaini. Bustani hii ya wanyama hapa Mombasa ina kivuli, watoto wana pa kukimbia, na tausi hawana taabu. Lakini mtu hakati tiketi ya kibanda cha wanyama ili atazame miti.

Kilichoniudhi ni kobe wakubwa, wale ambao asili yao ni Aldabra, Ushelisheli. Mchana wa jua la kaskazi, hodhi lao kavu. Tundu la kutolea maji limezibwa kwa kitambaa mahali pa kizibo. Basi wakijaza asubuhi, maji yanavuja taratibu, ikifika adhuhuri hakuna kitu. Kizibo cha mpira chauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi!

Nikamwita msimamizi. "Kobe hanywi maji, mama. Ana maji yake ndani." Kisha: "Umekuja kutazama au kutukagua?"

Haya, nimekuja kukagua. Kobe anakunywa. Huyu wa Aldabra hata kidimbwi cha kina kifupi anaweza kukivuta kwa pua. Ni kweli kibofu chake huweka akiba, ila akiba ikiisha figo zinaumia, na chumvi za mkojo huganda zikawa mawe. Huhitaji daktari kujua: ule mkojo mweupe wa kobe (ndizo chumvi hizo) ukiwa laini, salama, ukiwa na chembechembe kama mchanga, mnyama hajapata maji ya kutosha kwa muda. Pale sementini chembe zilikuwa tele.

Na joto je? Kobe hatoi jasho. Hata huko kwao Aldabra, anayechelewa kufika kivulini jua likimkuta wazi hufa. Hapa kivuli chao ni bati la upande mmoja, wote wamebanana chini yake, nalo linaunguza. Juu ya bati watandaze makuti. Mombasa tangu lini tukakosa makuti? Sementi nayo hushika joto na kusugua gamba la tumboni, kwa hiyo sehemu kubwa ya ua iwe udongo, na pawe na shimo la matope wagaegae. Hodhi liwe na kina kifupi, maji yasimpite kidevu akisimama, na upande mmoja uwe mteremko uliokwaruzwa asiteleze, kwa sababu akipinduka majini anazama. Maji yabadilishwe kila siku, maana hunya humo humo.

Huyo msimamizi aliyejua kobe hanywi, ndiye aliyekuwa akiwapandisha watoto mgongoni mwa kobe wapigwe picha. Mapafu ya kobe yako chini tu ya gamba la mgongo! Na gamba si jiwe, lina hisia. Watu wanatupa kachiri za pilipili na mabuyu ya rangi, hakuna anayekatazwa. Chakula cha kobe ni nyasi, mbichi na kavu, na majani. Sukari huchacha tumboni mwake ikamharisha.

Kuwaweka wanyamapori hapa Kenya kunahitaji kibali cha KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, na iko Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360. Niliuliza kibali kiko wapi, nikaonyeshwa bei ya tiketi.

Lakini nisidhulumu. Kijana mmoja wa usafi alisikia ule mzozo, akaja na mpira wa maji bila kuambiwa, akaziba tundu kwa kipande cha ndara kuukuu, akajaza, kisha akawamwagia migongoni. Kobe walishusha vichwa wakanywa muda mrefu sana, mbele ya macho ya yule bwana. Hakusema neno.

Kwa hiyo naweka nyota mbili. Ya pili ni ya kijana, na nikirudi nikakuta kile kitambaa tunduni, naziondoa zote, hata ya miarobaini.