Kaunta ya jikoni: jiwe la kwanza mpaka la nne, na kazi ya fundi

Jikoni kwetu kuna ndimu, ukwaju, manjano, siki ya achari na mafuta yanayoruka kutoka kwenye kikaango. Kuna sufuria inayoepuliwa ikitokota na kutafutiwa pa kuwekwa papo hapo. Jiwe la kununua ni lile litakalohimili hayo kwa miaka mingi, kwa hiyo nimezipanga aina hizi kwa kazi kwanza, bei baadaye, urembo mwisho. Mpishi wa keki angezipanga vingine.

1. Graniti ya rangi nzito

Hii sioni inayoikaribia. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs hufika 6 hadi 7, kwa hiyo kisu cha kawaida hakiikwaruzi kirahisi. Ndimu haiili, na sufuria ya moto haiibabui. Jiko la mkaa lililokaa juu yake likiwaka ni habari nyingine: sehemu moja ikipata moto mkali na pembeni kukabaki baridi, jiwe linaweza kupasuka.

Lile jeusi la Zimbabwe na India, ambalo wanajiolojia huliita doleriti au gabro ingawa dukani linauzwa kama graniti, halinywi mafuta kirahisi, na ndilo ningemshauri mtu anayepika kila siku. Kero yake ni maji ya kisima yenye chumvi, hasa kwa sisi wa Dar es Salaam na pwani: tone likikauka huacha weupe unaoonekana toka mlangoni. Lifute kabla halijakauka.

Ukifika kwa muuzaji, omba kipande cha jiwe hilohilo ulijaribu. Kwanza maji: weka tone, subiri robo saa, ufute. Pakibaki weusi, jiwe linakunywa, na litahitaji dawa ya kuziba vinyweleo. Pili ndimu: tone likiondoa mng'aro, ndani mna madini ya chokaa, hata kama umeambiwa ni graniti tupu. Tatu, kwa slabu (bamba zima la jiwe) nyeusi, sugua kwa kitambaa cheupe chenye asetoni, ile inayotoa rangi ya kucha. Kitambaa kikitoka cheusi, jiwe lina rangi ya kupakwa, nawe tafuta duka jingine.

Bei ulizia kwa uangalifu. Wapo wanaotaja futi ya mraba, wapo wa futi ya urefu, wapo wa mita ya mraba, na mita moja ya mraba ni futi za mraba 10.76. Uliza pia kama tundu la sinki, kung'arisha kingo, usafiri na ufungaji vimo ndani ya bei hiyo au vinakuja baadaye.

2. Terazo ya kumwaga papo hapo

Wengi hawaifikirii, nami nasikitika, maana ndiyo inayompa mwenye fedha kidogo kaunta nzuri isiyo na maungio. Ni saruji na kokoto ndogo za marumaru, humwagwa juu ya zege, humwagiliwa maji kwa angalau wiki moja ili isipasuke, kisha husagwa kwa mashine mpaka mawe yatokeze na kung'aa. Sakafu za namna hii zipo kwenye majengo mengi ya zamani, na zikichakaa husagwa tena zikarudi. Udhaifu wake ni saruji: ndimu na siki huila, mafuta huingia. Ipakwe dawa ya kuziba vinyweleo mwanzoni, na irudiwe kila maji yanapoanza kuingia badala ya kukaa juu kama matone.

3. Kwatsi ya kiwandani

Hutengenezwa kwa unga na chembe za kwatsi (quartz), madini magumu, mara nyingi kiasi cha asilimia 90, zikashikanishwa kwa gundi ya plastiki. Hainywi manjano kirahisi, haihitaji dawa, na rangi hulingana toka slabu hadi slabu. Lakini ile gundi huanza kuharibika kwenye joto la nyuzi 150 hivi, na mafuta ya kukaangia maandazi hukaribia 180. Kikaango kimoja kilichowekwa bila kitu chini kinatosha kuacha doa lisilotoka. Jua nalo huibadili rangi, kwa hiyo jiko la nje au la barazani lisiwekewe kabisa.

Sababu nyingine ya kuishusha ni mapafu ya fundi. Vumbi la silika, ndiyo hiyo kwatsi ikisagika, linalotoka jiwe hili likikatwa huleta silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, na Australia ilipiga marufuku mawe ya aina hii tarehe 1 Julai 2024 kwa ajili hiyo. Graniti nayo ina silika, ingawa ni kidogo kuliko hii. Kwa hiyo jiwe lolote ulichukualo, sema tangu siku ya makubaliano kwamba litakatwa kwa maji karakanani, wala grenda kavu haitawashwa sebuleni kwako. Na barakoa ya kitambaa haimkingi fundi na vumbi hilo.

4. Marumaru

Ni jiwe zuri mno, liwe la Carrara kule Italia au la Oman, na napenda kuliona ukutani na bafuni. Juu ya kaunta ya mtu anayekamua ndimu kila mchana, hapana. Ugumu wake ni 3 tu, na asidi huacha alama hafifu ambazo sabuni haitoi, kwa sababu hapo jiwe lenyewe limeliwa.

Vigae vya poselini juu ya zege ni nafuu na havina ubaya, ila grauti, ile saruji ya kujazia maungio katikati yake, ndiyo itakayokuchosha.

Kufunga

Slabu nzuri huvunjwa na ufungaji mbaya. Graniti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba, na ya milimita 30 hukaribia 80, kwa hiyo kabati za chini ziwe imara na zipimwe kwa pima maji kabla jiwe halijaja. Penye kaunta ya zege, milimita 20 zinatosha.

Nunua sinki na jiko la gesi la kuzamisha kwanza, uvipeleke kwa fundi, akate kwa kipimo cha vitu vyenyewe badala ya kukisia. Pembe za tundu ziwe za mviringo, kwani pembe kali ndiko ufa unakoanzia. Ungio lisipite katikati ya tundu la sinki. Fundi akitaka kuchimbia nondo chini ya jiwe, pale mbele ya sinki palipo pembamba, aweke ya chuma kisichoshika kutu. Chuma cha kawaida kikipata maji huvimba na kulipasua jiwe toka ndani. Slabu hubebwa ikiwa imesimama, kamwe isilazwe kama meza.

Kutunza

Maji ya vuguvugu, sabuni ya vyombo kidogo, kitambaa laini. Siki, ndimu, dawa ya choo na unga wa kusugulia visitumike kusafishia. Kinu usitwangie juu ya kaunta, hasa karibu na sinki.

Doa la mafuta likishaingia, koroga bikaboneti ya soda na maji iwe uji mzito, paka unene wa kidole, funika kwa nailoni usiku kucha, kisha ifunue na uiache ikauke kabisa ndipo uikwangue kwa kijiko cha mbao. Unapokauka, uji huvuta mafuta. Doa kubwa hutaka kurudiwa mara mbili au tatu, na likiisha, papake dawa ya kuziba vinyweleo upya.