Kituo cha kulea watoto mchana: kinamfaa mzazi anayerudi ofisini?

Agizo la kurudi ofisini likishatoka, wazazi wengi hukimbilia kituo cha kulea watoto mchana. Kwa mtoto aliyekwisha kutembea, nasi tungekichagua kabla ya yaya wa peke yake: mlezi mmoja akiugua, kituo hakifungwi. Shida ni kwamba wengi hukipima kwa wanasesere na michoro ya ukutani, kumbe kitakachowakwamisha ni saa ya kufunga na kanuni ya magonjwa.

Tuanze na saa. Kituo kinachofunga saa 12 jioni huonekana kinamtosha anayetoka kazini saa 11. Haya, piga hesabu: kufunga kompyuta na kutoka jengoni dakika 10, safari dakika 40, makabidhiano dakika 10, kwa sababu lazima uambiwe amekula nini na kalala kiasi gani, halafu ukusanye chupa na nguo chafu. Saa nzima imekwisha, na hapo mvua haijanyesha. Ipime njia hiyo jioni ya siku ya kazi, si Jumapili. Uliza pia faini ya kuchelewa inahesabiwa hadi unapofika mlangoni au hadi unapoondoka na mtoto.

Kwenye magonjwa ndiko huduma hii inakovuja zaidi. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba mwenye homa harudi mpaka ipite saa 24 bila homa na bila dawa ya kuishusha. Aliyetapika au kuhara, vituo vingi hutaka saa 48. Kwa hiyo homa ikikatika Jumanne jioni, Jumatano yote yuko nyumbani. Miezi ya mwanzo mafua hayakauki, maana mtoto anakutana na vijidudu vipya kila wiki. Kumpa parasetamoli alfajiri ili apite mlangoni hakusaidii: nguvu yake huisha baada ya saa 4 hadi 6, na simu ya kituo inakukuta katikati ya kikao. Kabla ya kulipia, kubalianeni nyumbani nani anakaa na mgonjwa siku ipi, na awepo mtu wa tatu aliyeandikishwa kituoni kuwa anaruhusiwa kumchukua. Asiye kwenye orodha hatapewa mtoto, hata awe bibi yake mzazi, na hapo kituo kiko sahihi kabisa.

Kwa mtoto mchanga alama zetu zinashuka. Chini ya mwaka mmoja, mlezi mmoja asizidishe watoto 3 au 4. Usikubali idadi ya kwenye karatasi. Pita wakati walezi wanapokula na tena jioni wanapopungua, uhesabu. Angalia wanavyolazwa: chali, godoro gumu, bila mto.

Maziwa ya kukamua hukaa saa 4 kwenye chumba kisichozidi nyuzi 25, siku 4 kwenye friji, na hadi saa 24 kwenye mfuko wa kupoozea wenye vipande vya barafu. Chupa iandikwe jina na tarehe ya kukamua, iwekwe ndani kabisa ya friji. Mlangoni joto hupanda kila unapofunguliwa. Yanayobaki baada ya kunyonya hayavuki muda wa saa 2, hivyo funga mililita 60 hadi 90 kwa chupa badala ya chupa moja kubwa. Wanaomwaga sana ni wale wa chupa kubwa.

Kumzoesha kuanze wiki mbili kabla ya siku ya ofisi: saa moja mkiwa pamoja, kisha saa moja bila wewe, kisha nusu siku, ukiongeza kadiri anavyotulia. Muage kwa kifupi. Ukimtoroka, kesho atakung'ang'ania zaidi.

Wa zamu za usiku au ratiba inayobadilika kila wiki, tafuta yaya. Wengine, kabla ya kusaini someni kifungu cha notisi, na muulize kama siku mtoto anazokosa kwa ugonjwa zinalipiwa. Mara nyingi zinalipiwa.