Honda S2000 kama gari la kila siku Dar: injini haina shida, kesi iko kwenye turubai

Wanaoniuliza kuhusu gari hili huanzia kwenye injini. Eti inayozunguka mpaka elfu tisa kwa dakika si itakufa na joto hili? Haijafa, na dalili sioni. Kwa miaka ambayo nimekuwa nalo kati ya Mbezi Beach na Posta, injini ndiyo iliyonisumbua kidogo kuliko vyote. Hela yangu imeliwa na turubai la juu na tumbo la chini.

Kwa asiyelijua: ni gari la viti viwili, paa lake ni turubai linalofunguka. Honda walionyesha gari la mfano kwenye maonyesho ya Tokyo mwaka 1995, na S2000 yenyewe ikaingia sokoni 1999, mjukuu wa zile S500, S600 na S800 za miaka ya sitini. Mpaka uzalishaji unakoma mwaka 2009 yalikuwa yametoka kama magari 110,000 dunia nzima, idadi ambayo Toyota huitoa kwa Corolla peke yake ndani ya miezi michache. Langu ni AP1, yaani toleo la mwanzo, ya soko la Japani: injini ya sisi (cc) 1,997, halina tabo, farasi 250 kwenye mizunguko 8,300, gia sita za mkono. Otomatiki usitafute, haikutengenezwa kabisa.

Hizo sisi tatu pungufu ya 2,000 zina faida yake bandarini, maana ushuru wa bidhaa unakuwa asilimia 5 badala ya 10. Usishangilie mapema. Kuna forodha asilimia 25, kuna VAT asilimia 18, na gari lililovuka miaka 10 hubebeshwa asilimia 30 nyingine ya uchakavu. Hakuna S2000 duniani iliyo chini ya umri huo.

Injini, basi, niimalize. Haina mkanda wa taimingi, ina mnyororo, kwa hiyo ile presha ya kubadilisha mkanda kila baada ya kilomita kadhaa hapa haipo. Oili ndiyo ya kuangalia. Ukiiendesha kwa mizunguko ya juu inakula oili, hata kama hakuna tone linalovuja chini, na fundi aliyezoea saluni za kawaida atakuambia haiwezekani. Chomoa kijiti upime kila unapojaza mafuta. Mafuta yenyewe nanunua kwenye sheli zenye mzunguko mkubwa tu, kwa sababu injini inayobana hewa kwa uwiano wa 11.7 kwa 1 haistahimili petroli iliyolala kwenye tanki la ardhini, achilia mbali iliyonusa maji ya masika.

Kuna wakati ikaanza kukereketa asubuhi ikiwa baridi. Fundi wa kwanza akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Bosi, tapeti hizo. Inabidi tufungue silinda hedi."

"Umeshafungua ya namna hii?"

"Honda zote ni moja, bosi."

Sikumpa. Kelele ilikuwa inatoka kwenye tenshena, kikaza mnyororo wa taimingi, ugonjwa unaojulikana wa injini hizi. Ni kidude kidogo kinachofungwa pembeni kwa boliti chache, kikabadilishwa bila kugusa hedi. Toka hapo simpi mtu spana kabla hajanieleza kwa mdomo wake anachokwenda kufanya. Valvu zake kweli zinahitaji kupimwa nafasi kwa fila geji mara moja moja, ila hiyo ni kazi ya fundi mtulivu na injini iliyopoa. Siyo ya saa sita mchana chini ya mwembe na foleni ya wateja.

Sasa turubai. Kulifungua ni raha: unaachia vishikizo viwili juu ya kioo cha mbele, unabonyeza swichi, sekunde kama sita limelala nyuma. Lakini turubai hili lilibuniwa na watu ambao jua lao lina likizo. La kwetu halina. Magari ya miaka ya mwanzo yana dirisha la nyuma la plastiki. Dar plastiki hiyo inapiga manjano, inakunjamana, mwisho unamwona aliye nyuma yako kama kivuli tu. Matoleo ya baadaye yalikuja na kioo halisi, na turubai lake linaingia kwenye gari la zamani. Nikaagiza turubai zima lenye kioo. Bei yake pamoja na usafiri ilizidi tairi nne mpya.

Usichokiona ndicho kibaya zaidi. Maji yanayoteremka kwenye turubai hukusanywa nyuma na kutolewa chini kwa mirija miwili, mmoja kila upande. Paki chini ya mwarobaini wiki nzima na vile vijani vyake vyembamba, mirija inaziba. Mvua ya kwanza ikinyesha maji yanageuza njia, yanaingia nyuma ya viti, zulia linalowa, na kwa unyevu wa pwani halikauki ng'o. Harufu yake hata sabuni haina jibu. Kwa hiyo kila mwisho wa mwezi ninapitisha waya laini na maji kidogo, na vuli ikikaribia ni kila wiki.

Mshono mmoja ulipofumuka sikusubiri Japani. Nilimpelekea mzee mmoja anayeshona viti vya daladala. Akalishika, akalinusa, akaniambia, "Kijana wangu, hili ni hema tu, niachie mpaka alasiri." Mshono wake umeshika mpaka leo kuliko ule wa kiwandani upande wa pili.

Wizi nao lazima uuseme. Kuchora namba kwenye vioo na saiti mira ni jambo la kawaida mjini, lakini hapa mwizi hana haja ya kuvunja kioo, wembe unatosha. Ndani siachi hata chaja. Mlinzi akiuliza kama kuna kitu cha kuangalia, namfungulia mlango aone mwenyewe.

Tumbo: liko chini, na Dar ni mji wa matuta. Mengine yamejengwa na manispaa, mengine na wananchi wenyewe baada ya mtoto kugongwa, nayo ndiyo marefu zaidi. Unayapanda mshazari, gurudumu moja moja, huku bodaboda wanakupita pande zote mbili. Bampa la mbele limeshapakwa rangi zaidi ya mara moja. Kipande cha vumbi kutoka lami ya Bagamoyo mpaka getini kwangu kimekula bushi na shokapu kuliko barabara nyingine zote. Mvua kubwa ikipiga, gari linabaki nyumbani na mimi napanda bajaji, kwa hiyo ninaposema kila siku, toa hizo. Hata manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi nayaheshimu: lami ina mafuta, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na hakuna kompyuta ya kukurudisha barabarani.

Spea usiende maduka ya Gerezani na matumaini. Za CR-V na Fit zimejaa, za hili watakuuliza ndiyo gari gani. Naagiza kabla hazijahitajika. Klachi na pedi za breki zimo kwenye kabati la vyombo vya wageni, na mke wangu amezikubali kwa sharti kwamba zifungwe gazeti.

Kwenye foleni ya jioni Mwenge kwenda Tegeta halikupi kitu. Chini ya mizunguko elfu tatu ni saluni ya kawaida yenye viti viwili na kiyoyozi kinachojitahidi. Utamu wake ni alfajiri, kabla ya foleni, turubai wazi, Daraja la Tanzanite na upepo wa bahari. Sheria mjini ni kilomita 50 kwa saa, na gia ya kwanza peke yake ukiifikisha mwisho umeshaivuka, kwa hiyo mara nyingi nakuwa gia ya tatu, mwendo wa harusi. Usukani na ile gia fupi inayoingia kwa kofi dogo la mkono vinanitosha.

Viti viwili nilidhani vitakuwa adha, kumbe ni msaada. Hakuna anayeomba gari likabebe watu wa msiba au sherehe. Shangazi yangu alipanda mara moja, akashuka akishika kiuno, akasema safari ijayo nimtumie nauli.

Ukipata linalouzwa mjini, usianze kwa kuwasha injini. Omba ndoo ya maji, limwagie turubai taratibu likiwa limefungwa, piga soga kidogo na muuzaji, kisha ingiza mkono nyuma ya viti upapase zulia. Inama uangalie tairi za nyuma upande wa ndani, ndiko zinakolika. Halafu ndiyo uwashe, likiwa baridi, usikilize. Muuzaji akigoma kwenye ndoo, mshukuru uondoke.