Nimelipa laki mbili na themanini gari libaniwe mafuta, limebaniwa pumzi

Nianze na hukumu, mwenye haraka aondoke nayo: nyota moja. Kama una Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 3L (hilo ni jina la injini, si lita tatu) na umeona gereji imeandika ukutani kwamba inabana mafuta, wape nozo, ile midomo inayopuliza dizeli ndani ya injini. Pampu usiwape hata kwa bunduki.

Huduma yenyewe wanaiuza kama kifurushi: wanafungua nozo, "wanaseti" pampu, halafu wanakufungia sumaku mbili kwenye mpira wa dizeli. Shilingi 280,000, nusu unatanguliza. Gari lilipelekwa mvua zikiwa zinaishia, likienda kilomita 7.6 kwa lita. Namba hiyo haikusomwa kwenye geji ya dashibodi, maana geji za magari haya ni pambo. Unajaza tangi mpaka bomba la sheli likate lenyewe mara ya kwanza, na hapo usiongezee hata kidogo. Andika kilomita. Tembea zaidi ya 300, rudi sheli ileile, pampu ileile, gari likae upande uleule, jaza tena mpaka likate. Kwangu zilikuwa kilomita 412 kwa lita 54.2. Anayejaza elfu ishirini ishirini kisha analalamika kwamba siku hizi gari linakula hajapima kitu, amepima tu bei mpya za EWURA, wapanga bei za mafuta.

Na kama ulitoa tairi za 205R16 ukafunga 265/75R16, jua dashibodi inakupunja. Tairi hilo kimo chake kinazidi kwa asilimia nane hivi, kwa hiyo ukisoma 100 umetembea kama 108. Rekebisha hesabu kabla hujailaumu injini. Zangu ni za kawaida, kwa hiyo sikuwa na pa kujifichia.

Sasa hao mafundi. Kabla hawajashika spana niliomba kitu kimoja: pigeni jeki, zungusheni matairi kwa mkono, tujue kama kuna breki inayoshika. Kazi ya dakika kumi. Fundi mkuu hakuniangalia hata usoni. "Mama, kakae pale kwenye benchi, utaletewa soda. Injini tuachie wenyewe." Vijana wake wakacheka. Soda haikuletwa.

Nieleze walichofanya kwenye pampu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Pampu ya 3L ni ya kimakanika, inazungushwa na mkanda wa timingi. Kwa nyuma ina skrubu yenye nati ya kufungia. Skrubu hiyo inapanga kiwango cha juu kabisa cha dizeli ambacho injini itapewa ukikanyaga ekseleta mpaka chini. Ukiifungua kuelekea nje, dizeli inapungua, na hapo mwenye gereji anakuambia umebaniwa. Lakini gari lenye mzigo linahitaji nguvu ileile kupanda mlima uleule. Ukilinyima kwenye skrubu, mguu wako unafidia kwenye ekseleta, na mguu ukifika mwisho unashuka gia, injini inapiga kelele kwa mizunguko mingi huku mwendo ni wa mkokoteni. Sailensi (mzunguko wa injini mguu ukiwa nje ya ekseleta) nayo inashuka, kwa hiyo wanaipandisha kwa skrubu nyingine ili gari lisizime mikononi mwao. Mpaka hapo wamechezea mipangilio miwili na hakuna aliyeandika ilikuwaje mwanzo.

Skrubu hiyo ina siku yake. Gari likitoa moshi mweusi kwenye mzigo, wakati filta ya hewa ni safi, nozo ni nzima na timingi (wakati wa kupuliza dizeli) iko kwenye alama, basi kweli dizeli imezidi hewa na sehemu yake inatoka kwenye ekizosi bila kuungua. Hapo unatia alama ya rangi, unalegeza nati, unafungua robo ya mzunguko isizidi, unakaza, unakwenda kujaribu kwenye mlima na gia ya nne. Moshi wa kijivu hafifu ukikanyaga sana hauna shida. Ule mweusi wa kufunika gari la nyuma ndio hela yako. Moshi mweupe injini ikishapata moto ni habari nyingine: mara nyingi timingi imechelewa, au mkanda umeruka jino, na skrubu haikuhusu kabisa. Gari langu halikuwa linatoa moshi mweusi. Jamaa alifungua karibu mzunguko mzima!

Matokeo yalionekana kwenye mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, na magunia nane tu ya mahindi. Pale ambapo gia ya tatu ilikuwa inatosha, ya pili ilikuwa inalia. Malori yananipita. Vipimo: kilomita 398, lita 53.8. Yaani 7.4. Nimelipa ili lile zaidi.

Lakini nozo, lazima niseme, walizifanya vizuri, na linaniuma kulisema. Walizipandisha kwenye testa mbele yangu (kijana mmoja, si yule mkuu, alinionyesha bila kuombwa). Tatu kati ya nne zilikuwa zinakojoa badala ya kupuliza: dizeli inatoka kama uzi, na baada ya kufunga tone linabaki mdomoni. Tone lile haliungui sawasawa. Wakaweka ncha mpya, wakapanga shinikizo kwa shimu (visahani vyembamba) mpaka zote nne zikafungukia kipimo kimoja, wakarudishia kwa washa (pete) mpya za shaba. Washa za zamani zikirudi mahali pake, mgandamizo unavujia kwenye shina la nozo na nozo inaungua. Ule mgongano wa injini asubuhi uliisha siku hiyohiyo. Kwa hiyo 7.4 ile inatia hasira maradufu: nozo zilirudisha kitu, pampu ikakila.

Kilichokuwa kinakula mafuta hasa kilikuwa mahali pengine, na sehemu kubwa kiko kwenye yale magurudumu ambayo hawakutaka kuyazungusha. Endesha kilomita ishirini barabara ya wazi bila kushika breki sana, simama kwa kuliacha gari lipoteze mwendo lenyewe, kisha gusa rimu moja moja kwa tahadhari. La moto kuliko mengine ndilo linaloshika. Kushoto nyuma palikuwa pa moto: kebo ya hendibreki imejaa matope ndani ya gamba lake, ukiachia hairudi. Hiyo haioshwi, inabadilishwa. Kulia mbele, kalipa (kile kinachobana pedi za breki) ina pistoni nne na mbili zilikuwa zimeshika kutu. Zinatolewa, zinasuguliwa taratibu kwa msasa laini uliolowa. Kama kutu imechimba mashimo, tupa, weka mpya. Sili mpya zipake mafuta ya breki, usizipake grisi ya kawaida wala kuziosha kwa petroli, zitavimba na kalipa itashika upya ndani ya wiki mbili. Baada ya hapo gurudumu lilizunguka kwa mkono mizunguko miwili na nusu. Kabla lilikuwa halimalizi nusu.

Kingine ni zile loki za kuzungusha kwa mkono kwenye magurudumu ya mbele. Watu wanaziweka LOCK msimu wa matope na kuzisahau. Hata ukiwa kwenye 2H (magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanavuta), LOCK inafanya difu ya mbele na propela yake vizunguke bure lami nzima, na oili nzito ya difu inavibana. Rudisha zote mbili FREE. Ni bure kabisa, na hakuna gereji itakayokuambia, kwa sababu haina cha kukuchaji. Mara moja kwa mwezi zifunge utembee kidogo kwenye vumbi ili oili ifike mbele.

Themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto, haikuwepo. Haikuwa imekufa, iliondolewa! Sijui nani aliwafundisha mafundi wetu kwamba kitu hicho ni adui wa nchi za joto. Bila yake injini ya dizeli inakwenda baridi muda wote, oili inabaki nzito, dizeli inagusa kuta za baridi. Mshale ukiwa haujafika hata robo baada ya dakika ishirini za barabara, fungua uangalie. Niliweka iliyogongwa namba 82, yaani nyuzi joto 82, na gasketi yake. Klachi ya feni ilikuwa nzima, ingawa ya gari la 3L lolote unalonunua leo ikague: feni ikivuma muda wote kama ndege, imeganda, na inakula nguvu kila sekunde.

Nafasi ya valvu: kuingiza 0.20 hadi 0.30 mm, kutoa 0.40 hadi 0.50, injini ikiwa baridi. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla ya kutembea, kwa geji yako mwenyewe, kufuatana na karatasi ya mlangoni. Za sheli nyingi zinaongopa. Kichanja cha juu ya kabini kishushe kama hakina mzigo. Na mwendo: kutoka 80 kwenda 100 upinzani wa hewa unafika kama mara moja na nusu ya ule wa 80, na pikapu hii ina umbo la kabati.

Baada ya yote hayo, na skrubu ya pampu kurudishwa ilipokuwa, kilomita 437 zilikula lita 47. Hiyo ni 9.3, bila sumaku. Sumaku nilizitoa, zinaokota nati zilizodondoka uvunguni na hiyo kazi wanaiweza. EPA, mamlaka ya mazingira ya Marekani, imechunguza vifaa zaidi ya 100 vya kudai kupunguza mafuta na haikupata hata kimoja chenye faida ya maana. Hawa wanaviuza na warantii ya miezi sita.

Nilikuwa nimeshaamua kuwapandisha hadi nyota mbili kwa ajili ya nozo, na kwa ajili ya yule kijana wa testa. Kweli kabisa. Kisha nikakumbuka siku ya kurudisha ile skrubu. Nilikuwa na picha ya pampu kabla hawajaigusa, nikahesabu nyuzi zilizokuwa nje, nikachukua spana nilegeze nati ya kufungia. Spana haikuhitajika. Nati ilikuwa imekazwa kwa vidole, dizeli inachuruzika pembeni yake, na gari limeshakwenda Iringa na kurudi hivyo hivyo. Nyota moja.